Chumba cha Watoto Pale Busunzu

Kasulu, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Hilali,

Salamu zikufikie wewe na wifi yangu Mwamvua, na kila aliye chini ya paa lenu. Sisi huku tuko wazima. Mke wa Ridhiwani amejifungua mtoto wa kike, wa pili huyu, na nyumba nzima sasa inanuka mafuta ya mtoto na uji wa mama mzazi. Nimefurahi mno. Duka linakwenda. Vitenge vipya vimeingia na wanawake wa mjini wanavigombania kana kwamba vinagawiwa bure.

Barua hii nimeiweka kwenye kikapu cha samaki, migebuka, nimemkabidhi dereva wa basi la Kibondo. Nawe ukijibu, jibu hivyo hivyo. Usinipigie. Simu yangu hushikwa na wasichana wa dukani, na haya siyo mambo ya kusikilizwa na watu wanaopima vitambaa.

Mama mmoja wa Busunzu alikuja kununua khanga. Akaniambia mbele ya wateja, na meno yake yote nje: "Nimemwona binti yako, Mama Ridhiwani. Anakanyaga udongo pale chuoni." Nikamwambia amemfananisha. Akasema hapana, ni Firdausi, na mwiko wa mwashi mkononi.

Hilali, nilikuletea Firdausi akae kwako mpaka watu wa hapa wapate mwingine wa kumsema. Nilisema akae ndani. Sikukupa mwanangu umfanye kibarua. Hicho chuo chenu cha Mwangaza nakijua, nilipita pale tulipokuja kwenye msiba wa mama mkwe wako. Bango kubwa kuliko majengo. Mbuzi wamelala kwenye baraza la ofisi. Watoto walioshindwa shule wanapelekwa pale washindwe tena, safari hii wapewe na cheti.

Sasa nisikilize. Kuna mtu, Badru wa Ujiji. Ana maduka, mke wake amefariki, hana makuu. Ameulizia. Idi ikipita nataka Firdausi awe hapa, na mikono yake iwe mikono ya mwanamke. Nasema yeye, peke yake. Mwamvua ana moyo wa kulea, wote tunajua.

Dada yako,
Zuhra


Busunzu, 11 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Amani ya Mungu iwe kwako. Tumechelewa kujibu kwa sababu mvua ilikata barabara na dereva wako akawa haonekani. Migebuka ilifika, ile ambayo dereva hakuila. Mwamvua anashukuru. Hongera kwa mjukuu wa kike. Omary naye ameota meno mawili ya juu na anamuuma kila anayembeba. Hukuuliza, lakini nakwambia. Firdausi alimpa mwanawe jina la marehemu mumeo. Hilo najua ulishaambiwa.

Kuhusu chuo, dada, sina ugomvi na wewe. Wewe unakidharau kama mpita njia. Mimi nafundisha uashi pale, naingia kila asubuhi, na dharau yangu ina mizizi. Cherehani tulizoletewa na wafadhili ni za umeme, na umeme umeishia kwa mwenye mashine ya kusaga. Kompyuta zimevikwa nailoni. Mkuu wetu Felisiani huzivua wageni wakija, akizifuta kama mtu anayemwandaa bibi harusi. Mwalimu wa bustani ananunua mchicha sokoni. Bodi hukutana kula kuku, na wakimaliza kuku kikao kimekwisha. Ukitaka kukicheka chuo chetu, njoo nikufundishe, unakicheka kidogo mno.

Lakini toka nje ya uzio wake uone kilichopo. Vijana wanasubiri msimu wa maharage. Wengine wanashinda Mabamba, mpakani, wakivusha mafurushi ya watu. Wengine wanakwenda machimbo ya Kahama, wanarudi na simu nzuri na kikohozi. Na msichana akishazaa nyumbani, hakuna anayemfungulia mlango isipokuwa mzee fulani mwenye nyumba na haja zake. Pale chuoni kuna chumba kimoja kilichokuwa stoo ya saruji. Sasa kina mikeka, ndoo ya maji, na mama mjane aitwaye Kezia, anayeangalia watoto wakati mama zao wako darasani. Katika chuo kizima, hicho chumba ndicho kitu pekee nisichokidharau.

Firdausi sikumpeleka. Aliniletea chakula cha mchana, Omary mgongoni. Wanafunzi walikuwa wanaloweka matofali. Akauliza, "Mjomba, mbona mnayanywesha maji?" Nikamwambia tofali kavu hunyonya maji ya udongo, ukuta ukakosa kushikana. Akasimama pale mpaka chakula changu kikapoa. Kesho yake alikuja na gauni kuukuu la Mwamvua, akamkabidhi Omary kwa Kezia, akashika mwiko. Tangu wakati huo anakula vizuri. Ulipomleta, unakumbuka, alikuwa hali.

Ndugu yako,
Hilali


Kasulu, 20 Februari 2024

Hilali,

Nawasalimu. Huku salama. Mjukuu wangu anaendelea vizuri, tulimchinjia akika, walikuja watu mpaka wa Kigoma.

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Umejaza karatasi kunieleza ubovu wa chuo, halafu unaniomba nimwache mwanangu humo humo. Huo ndio usomi mliojifunza? Hayo ya meno sikuuliza.

Na nasikia amefanya urafiki na binti wa Kirundi, naye ana mtoto asiye na baba. Ndiyo madarasa yenyewe hayo. Wamekusanywa pamoja wafundishane. Marehemu baba yake alipopita barabara kuu ya Kasulu wanaume walikuwa wanasimama kumpa mkono. Leo binti yake anachanganya udongo kwa miguu na watu wa kambi ya wakimbizi.

Badru siyo mtu wa kungojeshwa. Siku tatu baada ya Idi, Ridhiwani atakuja na gari. Nguo zake ziwe zimefuliwa. Wewe kaa kimya, kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Zuhra


Busunzu, 21 Aprili 2024

Dada,

Idi njema, ingawa imepita. Mwamvua anasalimu, alipika pilau kwa mkaa wenye unyevu na tulilia moshi kuliko tulivyokula. Mihogo imekubali mwaka huu. Yule binti unayemwita wa kambini anaitwa Esteri, baba yake analima Mabamba, na uraia anao kama wewe. Nilitaka tulimalize hilo kwanza.

Ridhiwani alikuja, kama ulivyopanga. Najua amekueleza kwa namna yake, kwa hiyo nami nieleze kwa yangu.

Gari lilisimama kwenye rundo la mchanga. Akashuka na kanzu nyeupe, akitafuta pa kukanyaga. Firdausi alikuwa juu ya jukwaa, wanapandisha ukuta wa bweni.

"Shuka," akamwambia. "Mama anakungoja."

"Mtoto ana nafasi ndani ya gari?"

"Mama amesema uje wewe."

"Basi mwambie mama mimi sasa ni watu wawili."

Ridhiwani akaniangalia. Nilikaa kimya, kama ulivyoniagiza. Akajaribu tena: "Badru ni mtu mwenye uwezo, Firdausi. Ana nyumba ya vyumba sita."

"Nani alijenga?" akauliza binti yako.

Wanafunzi wote wakacheka, Esteri nusura aangushe beseni la udongo. Mwanao akasimama hajui mikono aiweke wapi. Ndipo Firdausi akamwambia, "Kaka, hebu nishikie uzi huo, mwenzangu amekwenda kunyonyesha." Akaushika, dada. Akaushika mpaka mstari mzima wa matofali ukaisha, na weupe wa kanzu yake nao ukaisha. Mwanamke akimwamuru hajui kukataa. Hilo umemfundisha wewe, na ulimfundisha barabara.

Alikula ugali kwetu. Omary alimlalia kifuani mpaka alipoondoka, naye hakutaka kumwachia. Hilo, sidhani kama alikueleza.

Firdausi hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu, "Mjomba, mama alidhani Omary ningemweka wapi?" Jibu ukiwa nalo, mwandikie mwenyewe.

Hilali


Kasulu, 5 Mei 2024

Hilali,

Salamu. Wazima.

Badru ameoa, huko huko Ujiji. Hongera zenu.

Mwenyekiti wa bodi yenu, Sylvesta, hununua vitambaa vya suti kwangu. Alipita wiki hii. Nilimkaribisha chai.

Zuhra


Busunzu, 16 Juni 2024

Dada yangu,

Natumaini hamjambo. Sisi tuko wazima, kiangazi kimeanza, vumbi liko hadi ndani ya chumvi. Mwamvua alipata malaria, amepona. Omary anatembea akishika ukuta.

Bodi ilikuja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupita zaidi ya ofisi ya mkuu. Sylvesta alivaa suti mpya ya kijivu, imekaa vizuri, fundi wake anajua kazi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto, leso puani. Kezia alikuwa anawanywesha uji.

"Hiki ni chuo," akasema, "siyo chumba cha kunyonyeshea. Mnawafundisha wasichana kwamba ukizaa ovyo unapewa na yaya. Wazazi wenye heshima mpaka Kasulu wanaona aibu."

Felisiani, ambaye mwaka jana aliwapigisha picha wageni ndani ya chumba hicho hicho, akasema, "Kweli, Mheshimiwa." Wakaweka kufuli. Kezia akaambiwa aende nyumbani. Jioni saruji ikarudishwa mle ndani, mifuko michache, ili ionekane kulikuwa na haja.

Kina mama wengine wameacha masomo. Mmoja ameshaolewa na mzee wa Rungwe Mpya mwenye wake wawili. Firdausi anapandisha ukuta na Omary mgongoni. Akimshusha nachungulia kila dakika asile chokaa. Esteri amemwacha mwanawe, Moses, kwa bibi mwenye chumba anachopanga. Bibi mwenyewe haoni vizuri.

Hiyo aibu inayofika mpaka Kasulu, dada, lugha yake naifahamu. Nimekua nayo nyumba moja. Sikuulizi kitu. Nakuandikia habari za huku, kama ndugu wanavyoandikiana.

Hilali


Busunzu, 28 Julai 2024

Dada,

Sijapata jibu. Labda dereva. Salamu za nyumbani tuziache leo.

Moses, mtoto wa Esteri, ameungua. Yule bibi aliteleka uji, akatoka kuita mtu kwa jirani, mtoto akavuta mwiko. Sufuria lote lilimmwagikia mkono na kifua. Tulikuwa darasani, napima jamvi la sakafu na wanafunzi, tukasikia kelele barabarani. Esteri alijua kabla hajaambiwa. Alikimbia na udongo mikononi, na hakuthubutu kumshika mtoto kwa mikono ile. Alisimama juu yake akipiga kelele, "Nioshee! Mtu anioshee!" Firdausi ndiye aliyemmwagia maji.

Tulimpeleka Kibondo kwa pikipiki. Hakufa, nikutoe hofu, kama ulikuwa nayo. Mkono umekunjamana, vidole viwili havinyooki. Madaktari wanasema atatumia mkono, siyo kama mwingine. Ana miaka miwili.

Baba yake Esteri alitoka Mabamba, akakaa kando ya kitanda na kofia magotini. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kile chumba kilikuwa kinaharibu nini?" Nilimwambia sijui. Nilidanganya, dada. Mzee mtu mzima, kanisani wanamwamini na sadaka yao, na mimi nilimdanganya machoni kwa ajili yako.

Sylvesta alituma pole, na neno kwamba ajali haikutokea katika eneo la chuo.

Firdausi anajua. Ridhiwani alimwambia kwa simu habari za ile chai yako na Sylvesta. Nilikuwa nimeapa nisimwambie, basi kaka yake akaniondolea mzigo. Aliposikia alikaa kwenye ngazi za jikoni. Mwamvua akamsogelea, akasema, "Mama yako alikusudia kukurudisha nyumbani tu." Firdausi akajibu, "Najua alichokusudia. Hajawahi kukosa kunieleza."

Sina zaidi.

Hilali


Kasulu, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu Hilali,

Nawasalimu nyote. Nilikuwa naumwa. Siyo sana.

Nilikwenda kwa Sylvesta. Siyo dukani, nyumbani kwake, mbele ya mke wake. Sijawahi kuingia nyumba ile na sitarudi: viti vyote vimefunikwa plastiki, na yeye mwenyewe amekaa juu ya kimoja kama bidhaa isiyouzika. Nikamwambia, kile chumba kifungue. Akasema, "Mama, hayo ni maamuzi ya bodi, lazima kikao kiitishwe." Nikamwambia, kufunga hukuitisha kikao. Akatabasamu. "Kufunga ni rahisi," akasema, "hakuhitaji bajeti."

Hilali, nimeuza vitambaa miaka yote hii, najua mtu anapokuambia bei ya kukufukuza. Mwanaume huyu alifunga mlango kwa kikombe cha chai na neno la mwanamke wa dukani, na kwa neno la mwanamke huyo huyo hawezi kuufungua. Mjinga. Na aliyemwona ni mtu wa maana ni mjinga kumzidi. Nilimwacha na chai yake mezani, safari hii sikuinywa. Suti zake atafute pengine.

Mke wake alinisindikiza mpaka getini. Akasema, "Msimlaumu, hupenda kufurahisha wateja na wauzaji."

Kwenye kikapu kuna shuka, pamba tupu, laini, halitamshika yule mtoto kidonda. Usiseme limetoka wapi. Kuna na sukari ya Mwamvua.

Barua hii usimwonyeshe Firdausi. Yeye anaonaje?

Dada yako,
Zuhra


Busunzu, 22 Septemba 2024

Dada yangu Zuhra,

Salamu nyingi, na pole kwa kuumwa. Mwamvua ameipokea sukari. Mvua za kwanza zimenyesha jana, watu wako mashambani. Mimi mzima.

Umeuliza Firdausi anaonaje. Nitakuandikia anachofanya, hicho ninakiona.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la chuo, kuna kiwanja cha mzee Evaristi, yule baba wa Esteri. Alikinunua zamani akitarajia kuhama Mabamba, hakuhama. Amewaambia wasichana wajenge. Matofali wamefyatua na kuchoma wenyewe, mawe wamebeba kwa kichwa. Mimi nilipimisha msingi, kisha nikafukuzwa. Firdausi alisema, "Mjomba, ukikaa hapa watasema umetujengea wewe." Nikaenda kukaa upande wa pili wa barabara kama mtazamaji wa mpira. Wamepandisha kuta, wamefunga linta, mkanda wa zege juu ya mlango na madirisha, na wiki iliyopita walipiga bati. Chumba kimoja na baraza. Hawajapiga lipu, na dirisha moja limepinda, nimelinyamazia. Kezia amerudi na mikeka yake. Esteri alimleta Moses siku ya pili; siku ya kwanza hakuweza kumwachia mtu.

Na usidhani chuo kimeona haya. Chumba kilipoezekwa tu, Felisiani alivuka barabara na bango: "Mafanikio ya Chuo cha Jamii Mwangaza." Nyuma yake Sylvesta, na mpiga picha kutoka Kibondo. Ile suti ya kijivu, viatu vimepakwa rangi.

"Hongereni mabinti," akasema. "Bodi inajivunia." Akajipanga mlangoni apigwe picha.

Firdausi alikuwa anaosha vifaa. Akasimama, mikono inachuruzika. "Mheshimiwa, hapa siyo eneo la chuo."

"Ninyi si wanafunzi wetu?"

"Mtoto alipoungua mlisema hapakuwa eneo la chuo. Bango mlirudishe ng'ambo."

Felisiani akaniangalia, eti nimkanye. Mimi nilikuwa upande wangu wa barabara, nikiwa mtazamaji. Waliondoka. Bango walilisahau, na kina mama wakalitandika juu ya mchanga usilowe na mvua. Ni bango zuri, nailoni nzito. Chuo chetu hakijawahi kutoa kitu chenye manufaa kama hicho.

Wasichana wawili kati ya walioacha wamerudi darasani. Yule wa Rungwe Mpya hatarudi.

Barua yako nilimwonyesha. Uliniambia nisimwonyeshe, nikamwonyesha. Nimechoka kuwa shimo la kutupia maneno yenu. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwa Sylvesta na kiti cha plastiki, alicheka kidogo puani, kama wewe. Akaikunja, akanirudishia.

Nikamuuliza nikuandikie nini.

"Mwandikie shuka lilifika. Esteri anajua limetoka kwa mama; nililitambua mimi, nikamwambia."

"Esteri alisemaje?"

"Alilifua. Anamfunika nalo."

"Na mama yako akitaka kuja?"

Alikuwa anakwangua udongo mkavu kwenye mwiko kwa ukucha.

"Njia anaijua. Mchana tuko kazini, asitegemee mtu wa kumpokea stendi. Na asije kumtazama Omary kwa mlangoni. Akija, aingie."

Nikasema nitaandika hivyo hivyo, bila kulainisha. Akaitikia, akajitwika beseni. Alikuwa ameshafika barabarani alipogeuka.

"Mjomba, mwambie avae viatu vya chini. Pale pana mchanga."

Ndugu yako,
Hilali